Kabla ya Kubandika Linki Yako Kundini

Aliyekesha akihariri video, akaandika makala ndefu au akarekodi somo la sauti ana haki ya kutaka kazi yake iwafikie watu. Kazi isiyosomwa wala kutazamwa haimsaidii yeyote, na watu wenyewe wanajulikana walipo. Wamo katika makundi ya WhatsApp ya wakulima, ya wazazi wa shule na ya waliosoma pamoja, katika majukwaa ya JamiiForums, katika makundi ya Facebook na Telegram, na kwa wanaosoma Kiingereza, katika Reddit. Karibu kila mahali hapo pana msimamizi na pana sheria, na sheria inayokataza matangazo haikosekani. Basi mtu anabandika linki yake, baada ya dakika kumi haipo, na akirudia anaondolewa. Anabaki na uchungu, akiamini ameonewa na mtu mwenye wivu. Makala hii ni kwa ajili yake, na ninachotaka kumwambia ni kwamba sheria hiyo, inapotungwa na kusimamiwa vizuri, haimzuii kuleta kazi yake. Inamzuia kuchukua usikivu wa watu bila kuwaachia kitu. Anayeliona hilo atabadilisha namna anavyoandika ujumbe wake: kazi yenyewe ataiweka ndani ya kundi, na linki itakuwa nyongeza kwa anayetaka zaidi.

Sheria hizi zina historia, nayo inaeleza ukali wake. Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walituma tangazo moja kwa maelfu ya makundi ya Usenet, mtandao wa mijadala uliokuwepo kabla ya haya tunayoyatumia leo. Walikuwa wakiuza huduma ya kuwaombea wahamiaji nafasi katika bahati nasibu ya green card ya Marekani, jambo ambalo mtu angeweza kulifanya mwenyewe bila wakili. Tangazo liliingia kila mahali, hata katika makundi ambayo mada zake hazikuwa na uhusiano wowote na uhamiaji. Wasomaji walijibu kwa hasira, wakawatumia barua nyingi hadi mitambo ya kampuni iliyowapa huduma ya intaneti ikazidiwa, na kampuni ikafunga akaunti yao. Wenyewe walidai kwamba walipata wateja na fedha nzuri, na hapo ndipo penye somo. Kutuma kuliwagharimu karibu na bure, faida ikawa yao peke yao, na gharama ya kusoma, kukasirika na kufuta ikagawanywa kwa watu wasiohesabika ambao hawakuulizwa. Mahali popote ambapo hesabu hiyo inaruhusiwa, atatokea wa pili, kisha wa mia, na mazungumzo yaliyowaleta watu pale yatazama.

Hesabu hiyo inapimika katika kundi la WhatsApp. Tangu mwishoni mwa 2022 kundi moja linaweza kuwa na watu 1,024. Ukiweka linki, na kila mmoja akatumia sekunde kumi tu kuona ni nini na kuipita, umetumia sekunde 10,240 za watu wengine, yaani karibu saa tatu za usikivu. Na ukituma video yenyewe badala ya linki, kwa anayenunua bando la siku ikijipakua inamla pia megabaiti alizokuwa amezipangia kazi nyingine. Pengine video yako inastahili saa hizo tatu. Ila uzito wa unachoomba ni huo, na msimamizi anauona kwa sababu kila siku wanamjia kumi wanaoomba hivyo hivyo. Wenye WhatsApp nao waliuona. Januari 2019 walipunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kusambazia ujumbe kwa mara moja hadi matano, duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kampuni ilieleza baadaye kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Kwa hiyo anayetaka kusambaza ujumbe ule ule katika makundi ishirini kwa mpigo hashindani na wasimamizi peke yao. Chombo chenyewe kimetengenezwa kumpunguza kasi, na msomaji akiona mishale ile anajua tayari kwamba ujumbe haukuandikwa kwa ajili yake.

Tumwangalie na msimamizi, kwa sababu malalamiko mengi yanamtaja kana kwamba analipwa. Kwa kawaida halipwi. Mwaka 2022 watafiti waliokadiria thamani ya kazi ya wasimamizi wa kujitolea wa Reddit walipata kiasi kisichopungua dola milioni 3.4 za Marekani kwa mwaka, kazi inayofanywa usiku baada ya ajira na malezi. Katika Afrika Mashariki mzigo una uzito wa ziada, maana sheria inaweza kumfuata hadi nyumbani. Kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa 2017, miongozo iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliwabebesha wasimamizi wa kurasa na makundi jukumu la kudhibiti kinachojadiliwa humo. Tanzania ilitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa lililokuwepo tangu 2006, lililazimika kusimamisha huduma kwa muda. Katika mazingira kama hayo, linki isiyoeleweka inakwenda wapi ni hatari kwa mwenye kundi. Hawezi kufungua kila moja aone kama nyuma yake pana somo la kilimo, mchezo wa kuvuna fedha za watu au maneno yatakayomfikisha polisi. Kufuta ndiyo njia rahisi na salama kwake. Ukitaka asifute, mpunguzie mashaka.

Namna ya kumpunguzia ni jaribio moja ambalo ningependa kila mtengenezaji wa maudhui alifanye kabla ya kutuma: futa linki katika ujumbe wako, kisha soma kilichobaki. Kama kilichobaki kinamfaa mtu ambaye hatabonyeza chochote, tuma. Kama kinachobaki ni salamu na mwito wa kubonyeza, ujumbe hauko tayari. Tuchukue mfano wa mtu aliyetengeneza video kuhusu viwavijeshi vamizi, wadudu walioanza kuripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia Kenya na Tanzania mwaka uliofuata. Ujumbe wa kawaida ungesema: “Wakulima wenzangu, viwavi wanamaliza mahindi yako? Tazama video hii kabla hujachelewa, usisahau kusabskraibu.” Ondoa linki, hakuna kitu. Sasa aandike hivi: “Wakulima wenzangu, kumtambua kiwavijeshi vamizi mtazame kichwani, ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Anajificha ndani ya moyo wa mhindi, na ukikuta uchafu kama unga wa mbao hapo juu, yumo. Kagueni shamba kwa kupita kama herufi W, si pembeni tu. Anayepuliza dawa apulize asubuhi mapema au jioni, maana jua likiwa kali anazama ndani na dawa haimfikii. Nimerekodi video ya dakika sita shambani inayoonyesha alama hizo kwa karibu. Ni yangu mwenyewe, na linki iko hapa chini kwa anayetaka kuona.” Huyu ameleta kazi. Mkulima aliyeko mahali pasipo na mtandao mzuri ameondoka na kitu anachoweza kukitumia kesho, na msimamizi akiulizwa kwa nini ameuacha ujumbe ule ana jibu.

Kuna atakayesema mara moja: nikimwaga kila kitu pale, nani atafungua video? Hili linastahili kujibiwa kwa ukweli. Watakaobonyeza huenda wakawa wachache kuliko wale ambao ungewavuta kwa fumbo, angalau siku hiyo ya kwanza. Gharama hiyo ipo. Lakini angalia ni nani anayebonyeza. Aliyevutwa kwa fumbo anakuja na shaka na anaondoka sekunde ya tano akikuta hakuna alichoahidiwa, na mara ya pili jina lako likitokea analipita. Aliyesoma aya yenye manufaa anakuja akijua unaelewa unachosema. Na hata yule asiyebonyeza kamwe amejua jina lako kwa jambo fulani, na siku jirani yake akiuliza kuhusu viwavi atakutaja, jambo ambalo hesabu ya watazamaji haionyeshi. Tena video nzuri haimaliziki kwa aya moja. Kuona kwa macho, kusikia sauti ya mwenye shamba, kufuata hatua mkononi, hayo hayaandikiki yote. Ikiwa sentensi tano zimetosha kubeba kila kilichomo ndani ya dakika sita, basi cha kutengeneza upya ni video.

Sharti la pili ni uwazi, nalo ndilo linalovunjwa zaidi kwa sababu kulivunja kunaonekana ni jambo dogo. Mtu anaandika, “Wakuu, nimekutana na makala hii nzuri,” na makala ni yake. Au anamwomba binamu yake aulize swali ili yeye ajibu kwa linki. Au anafungua akaunti tatu zipongezane. Wikipedia imekuwa shule kubwa ya jambo hili. Mwaka 2013 wahariri wake waligundua mtandao wa akaunti bandia uliohusishwa na kampuni ya kuandikia wateja makala kwa malipo, na akaunti zaidi ya 250 zikafungwa. Juni 2014 masharti ya matumizi yakabadilishwa ili kila anayelipwa kuhariri alazimike kusema hivyo na kumtaja anayemlipa. Mwaka uliofuata zikafungwa akaunti 381 nyingine katika tukio moja, na makala zaidi ya 200 zikafutwa. Zingatia mpangilio wa mambo: kulipwa hakukupigwa marufuku, kulitakiwa kutangazwa. Kinachowaudhi watu ni kugundua baadaye kwamba mshauri waliyemwamini alikuwa muuzaji tangu mwanzo, kwa sababu wakigundua hilo wanalazimika kutilia shaka kila alichowahi kusema, hata kilichokuwa kweli. Sentensi moja, “hii ni kazi yangu”, inaondoa hatari hiyo yote, na katika makundi yetu, ambako watu wanapenda kumwona mwenzao akipiga hatua, mara nyingi inakuletea pongezi.

Na ubora wa kazi haukupi ruhusa ya kuvuka sharti hilo. Juni 2012 Reddit ilizuia kwa muda linki zote za tovuti kadhaa, miongoni mwazo The Atlantic, jarida lililoanzishwa Boston mwaka 1857, pamoja na Businessweek. Kosa halikuwa uandishi mbovu. Linki za tovuti hizo zilionekana kusukumwa kwa namna isiyo ya haki. Ikiwa jarida la miaka zaidi ya 150 lilifungiwa mlango, mwandishi chipukizi asijidanganye kwamba uzuri wa kazi yake utamtetea. Msimamizi haitathmini makala yako. Anatazama mwenendo wako kundini: umewahi kumjibu nani, umeuliza nini, na kama jina lako likitafutwa kinatokea kitu kingine zaidi ya linki zako. Kwa miaka mingi watumiaji wa Reddit walipeana kipimo cha kumi kwa moja, kwamba katika kila machapisho kumi moja tu ndilo liwe la kujitangaza. Kwangu kipimo hicho ni dhaifu, kwa kuwa kinahesabika na kinachohesabika kinachezewa. Anayeandika “asante kwa somo” mara tisa ili apate haki ya linki ya kumi hajachangia chochote, amelipa kwa sarafu bandia. Jibu moja refu kwa mama aliyeuliza kwa nini kuku wake wanakufa lina thamani kuliko tisa za namna hiyo.

Soma sheria za kundi kabla ya kutuma, zile zilizowekwa juu au kwenye maelezo ya kundi. Kuna ushahidi kwamba hazikuwekwa kama pambo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, mtafiti J. Nathan Matias alibandika sheria waziwazi juu ya mijadala ya sayansi ya Reddit, na uwezekano wa wageni kuzifuata ukapanda kwa zaidi ya pointi nane za asilimia. Cha kupendeza zaidi, wageni walioshiriki waliongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Sheria zinazojulikana ziliwapa watu ujasiri wa kusema. Kama kundi lako halina sheria zilizoandikwa, muulize msimamizi faraghani, kwa heshima anayostahili. Ujumbe wa namna hii unatosha: “Shikamoo mama, pole na majukumu. Nimeandaa video ya dakika sita kuhusu viwavijeshi. Naomba kuandika maelezo yake kundini na kuweka linki mwishoni. Kama linki hairuhusiwi nitaweka maelezo peke yake.” Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, na iwe ya kweli. Inamwonyesha kwamba unalijali kundi hata usipopata mtazamaji mmoja, na wasimamizi wengi wakisoma hivyo watasema weka yote mawili. Ukikataliwa, timiza ulichoahidi.

Pingamizi lililo kubwa kuliko yote linatoka kwa vijana. Wanasema: kampuni zina fedha za kulipia matangazo Facebook na Instagram, mimi sina, na makundi haya ndiyo nafasi yangu pekee; kunibana ni kumlinda tajiri. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu sehemu yake ya kwanza ni kweli tupu. Lakini tazama kinachotokea kundi linapofurika matangazo. Tangu 2018 WhatsApp imempa msimamizi uwezo wa kufunga kundi ili wasimamizi peke yao waandike. Akichoka anabonyeza hapo, na siku hiyo wanaonyamazishwa kwanza ni wasio na fedha. Kampuni inaendelea kulipia matangazo yake kwingine kama kawaida. Kijana ndiye amepoteza mlango uliokuwa wazi bure, na amepotezewa na vijana wenzake waliobandika bila kipimo. Njia ninayoieleza haihitaji shilingi. Inahitaji muda wa kuandika aya nzuri na subira ya kukaa na watu, na katika hayo mtu mwenye ujuzi anaishinda kampuni, kwa kuwa kampuni haiwezi kukaa kundini miezi mitano ikijibu maswali ya mbolea.

Wapo pia wanaosema wasimamizi wana upendeleo: linki ya rafiki inabaki, yangu inafutwa. Hutokea. Mwaka 2013 Reddit ilizuia kabisa tovuti ya picha za vichekesho iitwayo Quickmeme, baada ya watumiaji kuonyesha kwamba msimamizi mmoja alikuwa na uhusiano nayo na kura zilikuwa zikichezewa ili kuipendelea. Kwa hiyo sitasema msimamizi ana haki daima. Nitasema uliza sababu, mara moja, faraghani, ukitaja sheria unayodhani hukuivunja. Utafiti wa 2019 uliochambua mamilioni ya machapisho ya Reddit ulionyesha kwamba watu walioelezwa sababu ya kufutiwa walipungukiwa na uwezekano wa kufutiwa tena baadaye, hivyo kuuliza kunakusaidia hata pale jibu lisipokufurahisha. Ukiona kweli pana upendeleo, toka kwa utulivu. Kugombana mbele ya kundi kunawachosha watu wale wale uliotaka wakusikilize.

Kwenye kundi lililoundwa kwa ajili ya biashara haya yote yanapinduka. Pale watu wamekuja kununua, wanataka bei, mahali ulipo, picha halisi na namba ya simu, na aya ndefu za elimu zinawapotezea muda. Vivyo hivyo stetasi yako na chaneli yako ya WhatsApp: anayefuata amekuja mwenyewe, tangaza utakavyo.

Jambo moja naliona likifanyika sana na ni baya kuliko linki yoyote: kuchota namba za simu za wanakundi na kuziingiza katika kundi lako jipya. Mtu aliyejiunga na kundi la wazazi hakutoa namba yake kwa ajili ya biashara yako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinataka taarifa za mtu zitumike kwa msingi halali, kama vile ridhaa yake. Ukitaka watu wahame nawe, waambie kundi lipo, weka mwaliko pale msimamizi anaporuhusu, na waache waingie kwa miguu yao.

Ukishatuma, baki. Chagua saa ambayo utakuwa na simu mkononi kwa muda mrefu, maana maswali huja mapema na anayeyaacha yakining'inia anaonekana alikuja kutupa mzigo tu. Swali likiulizwa kundini lijibu hapo hapo kwa maneno. Usimwelekeze muulizaji kwenye dakika ya nne ya video. Akitokea anayekusahihisha, tuseme bwana shamba mwenye uzoefu kuliko wewe, mshukuru kwa jina mbele ya wote, rekebisha maelezo yaliyo chini ya video yako, kisha rudi useme umerekebisha. Na swali likiulizwa na watu watatu tofauti kwa maneno yanayofanana, liandike pembeni, kwa sababu kundi limekuambia video yako inayofuata iwe ya nini.